MAZOEZI YA YOGA KWA MSAADA WA TOFALI, MKANDA NA KITI

Watu wengi wakisikia neno "yoga" humfikiria mtu aliyejikunja kama kamba, miguu yake imepita nyuma ya shingo, naye amefumba macho kama asiyekuwapo duniani. Wengine husema ni mchezo wa watu wenye fedha huko mijini, na wengine hunong'ona kuwa ni uganga wa Kihindi. Katika makala haya nataka kueleza namna moja ya yoga isiyofanana na mawazo hayo, nayo ni yoga ya mwalimu B.K.S. Iyengar wa India. Namna hii ina mambo mawili makubwa. La kwanza ni kuvipanga viungo vya mwili sawasawa katika kila mkao. La pili ni kutumia vitu vya kawaida, kama tofali, mkanda, blanketi na kiti, ili hata mtu mwenye mwili mgumu, au mgonjwa, au mwenye kilema, aweze kuupata mkao bila ya kujiumiza. Nimelichagua jambo hili kwa kuwa naona lina faida kwetu wanafunzi wa bweni, hasa wale ambao saa ya michezo huwakuta wameketi kando.

MWALIMU IYENGAR NI NANI?

Iyengar alizaliwa tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India. Mwaka huo homa kali ya mafua ilikuwa ikiua watu wengi duniani, na mtoto huyo alizaliwa dhaifu sana. Alipokuwa akikua alipata malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, na chakula nyumbani kwao kilikuwa haba. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa shule, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 9 hivi. Basi mtu aliyemtazama kijana huyo hangeweza kudhani kuwa siku moja angekuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili.

Mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 15, shemeji yake, T. Krishnamacharya, alimwita aende kukaa kwake katika mji wa Mysore. Krishnamacharya alikuwa mwalimu mashuhuri wa yoga, akifundisha kwa msaada wa mfalme wa nchi hiyo. Mwanzoni mwalimu huyo hakumtazamia mema kijana aliye mwembamba na mgumu kama ukuni. Lakini mwanafunzi mmoja aliyetegemewa alipotoroka muda mfupi kabla ya siku ya maonyesho, ilibidi Iyengar afundishwe kwa haraka ili azibe pengo. Tangu hapo hakurudi nyuma tena.

Mwaka 1937 alipelekwa katika mji wa Pune kufundisha. Hakuwa ametimiza miaka 19, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa wakubwa kuliko yeye kwa umri, kwa nguvu na hata kwa elimu. Hakuwa na mwalimu karibu wa kumwuliza. Kwa hiyo alijifanyia mazoezi kwa saa nyingi kila siku, akiuchunguza mwili wake mwenyewe: nikigeuza mguu hivi, goti lafanya nini? Nikisukuma kisigino, mgongo wasikia nini? Hapo ndipo mafunzo yake yalipozaliwa.

Mwaka 1952 mpiga fidla mashuhuri, Yehudi Menuhin, alizuru India. Alikuwa amechoka, akampa Iyengar dakika chache tu. Iyengar alimlaza chali kwa utaratibu wake, na Menuhin akashikwa na usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Mwaka 1954 Menuhin alimwalika aende Uswisi, na kuanzia hapo habari zake zikaenea Ulaya na Marekani. Mwaka 1966 kilitoka kitabu chake kikubwa kwa Kiingereza, kiitwacho Light on Yoga, chenye mikao ipatayo 200 na picha zipatazo 600. Mwaka 1975 chuo chake kilifunguliwa mjini Pune, kikapewa jina la marehemu mke wake, Ramamani. Mwalimu huyo alifariki tarehe 20 Agosti 2014, akiwa na umri wa miaka 95. Mtoto aliyedhaniwa kuwa hatapona ndiye aliyeishi karibu karne nzima.

MAANA YA KUVIPANGA VIUNGO

Yoga ni neno la Kisanskriti, na asili yake ni kuunganisha, kama vile ng'ombe wawili wanavyounganishwa kwa nira. Katika maandishi ya kale ya mwenye hekima aitwaye Patanjali, yoga ina sehemu 8, na mikao ya mwili, iitwayo asana, ni sehemu ya 3 tu. Iyengar alishika njia ya kuanza na mwili, maana mwili ndio ulio karibu nasi.

Fundi mwashi hajengi kwa kukisia. Hutundika timazi ajue kama ukuta umesimama wima, na huweka pimamaji ajue kama mstari wa matofali umelala sawa. Akikosea kidogo chini, kosa huonekana kubwa juu. Ndivyo ulivyo mwili. Tumesoma katika Biolojia kuwa uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, nazo zimekalia mfupa mmoja ulio kati ya mifupa ya nyonga. Nyonga nazo zimebebwa na miguu. Mtu akisimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga moja hushuka, mgongo hupinda ili kichwa kisianguke upande, na misuli ya upande mmoja hufanya kazi ya pande mbili.

Mwenye kutaka ushahidi na avitazame viatu vilivyopangwa mlangoni pa bweni lolote. Kiatu kimoja kimelika kisigino upande wa nje, kingine upande wa ndani, na kingine kimelika cha kulia kuliko cha kushoto. Soli hizo ni kama barua. Zinaeleza jinsi mwenye viatu anavyosimama mstarini kila asubuhi.

Kwa sababu hiyo, katika yoga hii mtu hakimbilii kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Huingia katika mkao, akatulia, akakagua: nyayo zimekanyaga sawa? Magoti yamenyooka? Mabega yameshuka kutoka masikioni? Pumzi yapita kwa utulivu? Kisha hutoka kwa utaratibu ule ule alioingilia.

VITEGEMEO NA KAZI ZAKE

Mtu akifungua kitabu cha Iyengar na kuziona picha zake, huenda akakata tamaa. Humo yeye mwenyewe amejipinda kwa namna ambayo wengi wetu hatutaifikia kamwe. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Na huyo huyo aliyeweza kufanya yote bila ya msaada ndiye aliyewatafutia msaada wale wasioweza.

Hapo mwanzo aliwasaidia wanafunzi kwa mikono, magoti na hata nyayo zake, akiushika mguu huu na kuusukuma mgongo ule. Wanafunzi walipozidi, na wengine wakawa wagonjwa na wazee, mikono miwili haikutosha. Basi alianza kutumia vitu vilivyokuwa karibu: matofali, mikanda, mablanketi, mito, viti vya kukunja, na kamba zilizofungwa ukutani. Tofali lilifanya kazi ya mkono wake, na mkanda ulifanya kazi ya vidole vyake.

Wako watu husema kuwa kutumia vitu hivyo ni uvivu au udhaifu. Mimi sikubali. Mgomba uliozaa mkungu mzito hutegemezwa kwa gongo la mti, na hakuna mkulima anayeucheka. Anayechekwa ni yule aliyeuacha ukaanguka pamoja na ndizi zake. Tena kitegemeo hakimfanyii mtu kazi. Humweka mahali pa haki, ili kazi aifanye yeye kwa misuli inayostahili kuifanya.

Hapa sina budi kusema neno juu yangu, kwa maana ndilo lililonifanya niandike. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Tangu Kidato cha Kwanza nina ruhusa ya kutokwenda mchakamchaka wala kucheza mpira, na saa ya michezo hukaa chini ya mwembe pamoja na wenzangu wawili, tukilinda saa na sweta za wachezaji. Hakuna aliyetudharau, ruhusa hiyo ilitolewa kwa huruma. Lakini mtu aliyeruhusiwa asifanye kitu kwa miaka minne hufika mahali akaamini kuwa hana mwili, ila ana kichwa tu cha kupitia mitihani. Niliposoma kuwa katika yoga hii mwenye mguu mfupi huwekewa kibao chini ya unyayo, kiasi cha upungufu wake, ili nyonga zake zilingane, nilitafuta kibao. Mguu wangu haukurefuka hata kidogo, wala sikutazamia urefuke. Lakini nilisimama nyonga zangu zikiwa sawa, uzito ukiwa juu ya nyayo zote mbili. Na jioni, baada ya masomo ya usiku, kiuno changu hakinisumbui kama zamani.

MIKAO MITANO YA KUANZIA

Hii ni mikao ambayo mwanafunzi aweza kujaribu kwa vitu vilivyomo shuleni. Miguu iwe mitupu, na sakafu isiwe na maji.

1. Mlima (Tadasana). Simama ukiupa ukuta mgongo, miguu pamoja. Visigino, makalio na mabega viuguse ukuta polepole bila ya kujibana. Gawa uzito sawa kwa miguu miwili, na katika kila unyayo gawa sawa mbele na nyuma. Inua kifua, shusha mabega, tazama mbele. Mkao huu huonekana si kitu, lakini ndio msingi wa mingine yote. Ukuta ndio timazi yako.

2. Kuinama nusu (Ardha Uttanasana). Simama mbele ya dawati zito au dirisha lenye kimo cha nyonga. Weka mikono juu yake, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka miguu iwe wima na mgongo ulale sawa na sakafu, mwili ukifanya pembe mraba. Sukuma mikono mbele na nyonga nyuma. Mkao huu ni mzuri kwa mtu aliyekaa kwenye kiti saa nyingi akijisomea, kwa kuwa huunyosha mgongo uliokuwa umejikunja juu ya daftari.

3. Pembetatu (Trikonasana). Tanua miguu yapata mita moja. Geuza unyayo wa kulia utazame nje kabisa, na wa kushoto uingie ndani kidogo. Nyosha mikono pande mbili, kisha inama upande wa kulia kutoka kwenye nyonga, wala si kutoka kiunoni. Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa tamaa ya kuigusa sakafu, mtu hukunja goti, huangusha kifua mbele na kuzungusha nyonga nyuma. Mkono wafika chini, lakini mkao umepotea. Basi simamisha tofali kando ya kifundo cha mguu, uweke mkono juu yake. Ni kana kwamba sakafu imeinuka kuufuata mkono. Likiwa bado ni fupi, tumia stuli. Sasa mbavu hupata nafasi ya kugeuka, na kifua hufunguka. Kaa muda wa pumzi 5 au 6, kisha fanya upande wa pili.

4. Fimbo (Dandasana). Keti chini, miguu imenyooshwa mbele. Wengi wetu tukikaa hivyo migongo hupinda kama kobe. Sababu ni kuwa misuli ya nyuma ya mapaja imeshikamana na mifupa ya kukalia. Ikiwa mifupi huivuta nyonga irudi nyuma, na mgongo hauna budi kufuata. Dawa yake ni kukalia blanketi moja au mawili yaliyokunjwa vizuri. Nyonga zikiinuka, mgongo husimama wenyewe. Kisha pitisha mkanda kwenye nyayo, ushike ncha zake kwa mikono miwili, mikono ikinyooka, ukainue kifua. Usijivute ili kichwa kifike magotini. Mkanda si kamba ya kujikokotea. Umeirefusha mikono yako tu.

5. Miguu ukutani (Viparita Karani). Kunja mablanketi yawe kama mto mpana, uyaweke karibu na ukuta. Lala chali, nyonga zikiwa juu ya mablanketi, mabega na kichwa chini sakafuni, na miguu imenyooka juu ikiegemea ukuta. Kaa dakika 5 mpaka 10. Miguu iliyochoka kwa kusimama na kuchota maji hupumzika sana. Baada ya hapo teremka kwa upande, ulale chali, mikono mbali kidogo na mwili, bila ya kutikisika, kwa dakika 5. Kulala huku huitwa Savasana, maana yake mkao wa maiti, na Iyengar alisema si mkao rahisi, kwani kuutuliza mwili ni kazi, na kuutuliza moyo ni kazi zaidi.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Kwanza, mtu asijaribu kusimama kwa kichwa au kwa mabega kwa kuangalia picha. Mikao hiyo hutaka mwalimu aliyejifunza, kwa sababu pingili za shingo si kitu cha kufanyia majaribio. Iyengar mwenyewe aliwawekea wanafunzi wake mablanketi chini ya mabega katika kusimama kwa mabega, ili shingo isibanwe. Mwenye kuona picha tu hajui hilo.

Pili, mazoezi yasifanywe mara baada ya kula. Baada ya mlo mzito ni bora kungoja saa 4. Kwetu bweni wakati unaofaa ni alfajiri kabla ya uji, au jioni kabla ya chakula cha usiku.

Tatu, mtu ajifunze kutofautisha mvuto wa msuli na maumivu ya kiungo. Mvuto huo husikika katikati ya msuli, nao hupungua mtu akitulia. Maumivu makali ndani ya goti, mgongoni au shingoni ni onyo. Toka katika mkao mara moja.

Nne, mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa macho, kifafa, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwulize daktari kwanza. Wasichana walio katika siku zao waache mikao ya kupindua mwili. Yoga haichukui mahali pa dawa wala hospitali.

Tano, vitegemeo vikaguliwe. Tofali liwe zima, lisilo na ufa, nalo livingirishwe kitambaa. Kiti na stuli viegemezwe ukutani visiteleze.

JE, YOGA NI IBADA?

Swali hili huulizwa na Waislamu na Wakristo vile vile, na si haki kulikwepa. Asili ya yoga ni katika mawazo ya kale ya Wahindu, na Iyengar alikuwa Mhindu mwenye kushika dini yake. Katika madarasa mengi ya njia yake, kabla ya kuanza, huimbwa maneno ya kumkumbuka Patanjali. Mtu asidanganywe kuwa mambo hayo hayapo. Lakini ni kweli pia kuwa kusimama sawa, kunyosha mgongo na kupumua kwa utulivu si mali ya dini moja, na watu wa dini mbalimbali duniani hufanya mazoezi hayo bila ya kuacha imani zao. Umoja wa Mataifa nao, mnamo Desemba 2014, uliamua tarehe 21 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, kwa ajili ya afya. Shauri langu ni kwamba kila mtu aulize dhamiri yake na wazee wake, na asiyetaka asilazimishwe wala asichekwe.

FAIDA KWA SHULE YETU

Samaki mkunje angali mbichi. Miili yetu ingali michanga, na mazoea tunayoyapata sasa ndiyo tutakayozeeka nayo. Tunakaa kwenye viti visivyolingana na vimo vyetu, tunabeba ndoo kwa mkono mmoja ule ule, na tunasoma tumejiinamia mpaka taa zizimwe. Robo saa kwa siku ya kuunyosha mgongo si muda mwingi.

Wala hatuna haja ya kununua kitu. Nyuma ya maabara yako matofali yaliyobaki tangu jengo hilo lilipokwisha. Kila mmoja wetu ana mkanda wa sare na blanketi. Ukuta wa bwalo upande wa mashariki una kivuli kuanzia saa 9 alasiri, na sakafu yake ya nje ni ya saruji. Kwa hiyo naomba, kwa heshima, kwamba Mwalimu wa Michezo aturuhusu sisi wa chini ya mwembe kukutana mahali hapo saa ya michezo, mara mbili kwa juma, kila mtu na tofali lake. Wachezaji wa mpira ambao miguu yao imekaza baada ya mechi wanakaribishwa pia. Saa na sweta zao tutatafuta mahali pa kuzitundika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne